Utulivu wa bei na uthabiti wa mfumo wa fedha: je, ni kitu kimoja?

SWALI: Mimi ni mhariri wa habari za uchumi katika gazeti moja la Dar es Salaam. Katika rasimu iliyofika mezani kwangu mwandishi ameandika: "Benki Kuu imepandisha riba kwa asilimia 6 ili kuleta utulivu wa fedha." Mwenzangu haoni kasoro, kwani kwake "utulivu wa fedha", "uthabiti wa mfumo wa fedha" na "ustahimilivu wa sekta ya fedha" vina maana moja. Je, tunaweza kuvitumia kwa kubadilishana? Na tuandike "mfumo wa fedha" au "mfumo wa kifedha"?

JIBU: Nianze na kasoro iliyo rahisi kuondoa. Mwezi Aprili 2024 Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Tanzania ilipandisha Riba ya Benki Kuu kutoka asilimia 5.5, iliyowekwa Januari ya mwaka huohuo utaratibu wa kuongoza sera ya fedha kwa kutumia riba hiyo ulipoanza, hadi asilimia 6. Neno "hadi" hutaja kiwango kilichofikiwa, ilhali "kwa" hutaja ukubwa wa badiliko lenyewe. Anayeandika "kwa asilimia 6" anaweza kumfanya msomaji aamini kwamba riba imeruka kutoka asilimia 5.5 hadi 11.5, jambo ambalo lingemtia kiwewe kila mwenye mkopo. Andikeni "hadi asilimia 6".

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo kiini cha swali lako. Neno "fedha" limebebeshwa kazi nyingi: ni madini, ni pesa iliyo mfukoni, na ni shughuli nzima ya kuweka, kukopa, kukopesha na kuwekeza. Kwa hiyo "utulivu wa fedha" unaweza kusomwa kwa namna mbili. Msomaji mmoja ataelewa kwamba shilingi inashika thamani yake, yaani bei za bidhaa hazipandi ovyo. Mwingine ataelewa kwamba benki na masoko ya mitaji yanafanya kazi bila kuanguka. Benki kuu hushughulikia yote mawili, lakini ni malengo tofauti, na ziko nyakati ambapo hatua inayosaidia lengo moja huliumiza jingine. Istilahi isiyoyatenganisha humnyima msomaji habari yenyewe.

Tazama jinsi maneno yenyewe yanavyofanya kazi. "Utulivu" unatokana na kitenzi "tulia", nao hueleza hali inayoonekana sasa: mtoto ametulia, bahari imetulia, bei zimetulia. "Uthabiti" umetokana na "thabiti", neno lenye asili ya Kiarabu, nao hueleza uwezo wa kitu kubaki kimesimama kinapotikiswa. Ndiyo maana tunasema nguzo thabiti wala hatusemi nguzo tulivu. Bei zinaelezwa vyema kwa "utulivu", kwa sababu tunachopima ni mwendo wake wa mwezi hadi mwezi. Mfumo wa fedha unahitaji "uthabiti", kwa sababu ukimya wake wa leo hautuambii lolote la uhakika kuhusu kesho. Wahenga walikwisha kuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na historia ya benki imelithibitisha hilo mara nyingi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Marekani wa mwaka 2023, nami nitaueleza kwa kirefu kwa sababu ndani yake malengo haya mawili yalionekana yakivutana. Kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa 2021 riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Silicon Valley Bank ya California ilipokea amana nyingi mno kutoka kwa kampuni za teknolojia, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikazinunulia hatifungani za muda mrefu zenye riba ndogo (hatifungani ni hati ya mkopo ambayo mkopaji huilipia riba hadi muda wake uishe). Kwa macho, kila kitu kilikuwa kimetulia. Kisha mfumuko wa bei ukapanda hadi kufikia asilimia 9.1 mwezi Juni 2022, na benki kuu, iliyokuwa imeanza kupandisha riba mwezi Machi mwaka huo, ikaendelea kwa kasi hadi riba ikafika kati ya asilimia 4.5 na 4.75 mwezi Februari 2023.

Lengo la hatua hiyo lilikuwa utulivu wa bei, na matumizi ya neno hapo hayana ubishi. Ila riba mpya zinapopanda, thamani ya hatifungani za zamani hushuka, kwa kuwa hakuna atakayenunua kwa bei kamili karatasi inayolipa asilimia 1.5 ilhali mpya inalipa 4. Benki hiyo ikajikuta na hasara kubwa iliyojificha vitabuni, huku wateja wake, ambao nao walikuwa wamebanwa, wakichukua amana zao kidogo kidogo. Tarehe 8 Machi 2023 ilitangaza kuwa imeuza hatifungani za dola zipatazo bilioni 21 kwa hasara ya dola bilioni 1.8. Kesho yake wateja wakatoa dola bilioni 42 kwa siku moja, kwani amana nyingi zilizidi kiwango cha dola 250,000 kinacholindwa na bima. Tarehe 10 Machi mamlaka ziliifunga.

Yaliyofuata ndiyo yanayotufaa zaidi katika mjadala wa istilahi. Tarehe 12 Machi benki kuu ilianzisha dirisha la mikopo ya hadi mwaka mmoja, ambapo benki ziliweza kuweka rehani hatifungani zao kwa thamani iliyoandikwa juu yake, si kwa bei ya soko iliyokuwa imeshuka. Hiyo ilikuwa hatua ya kulinda uthabiti wa mfumo wa fedha. Tarehe 22 Machi, siku kumi baadaye, benki kuu hiyohiyo ikapandisha riba tena, hadi kati ya asilimia 4.75 na 5, ili kuendelea kuupunguza mfumuko wa bei. Hiyo ilikuwa hatua ya kutafuta utulivu wa bei. Kwa mkono mmoja iliongeza ukwasi, yaani fedha taslimu zilizo tayari kutumika katika benki, kwa mkono mwingine ikafanya mikopo kuwa ghali zaidi. Mwandishi anayeandika kwamba hatua zote mbili zililenga "kuleta utulivu wa fedha" atamwacha msomaji akidhani kuwa benki kuu imechanganyikiwa, kumbe ilikuwa na malengo mawili na nyenzo mbili.

Wala si lazima tuvuke bahari. Nchini Kenya, Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13 mwezi Februari 2024, wakati bei zilikuwa zikipanda na shilingi ya huko ilikuwa imedhoofika. Hapa njia ya athari ilipitia kwa wakopaji badala ya hatifungani: marejesho yakawa mazito, na kufikia Agosti mwaka huo mikopo iliyokwama ilikuwa zaidi ya asilimia 16 ya mikopo yote ya benki. Ugumu wa biashara na ucheleweshaji wa malipo ulichangia pia, kwa hiyo si haki kuitwika riba lawama zote. (Tanzania mikopo hiyo huitwa "mikopo chechefu". Ukiwaandikia wasomaji wa pande zote mbili, ongeza ufafanuzi mfupi, kwa mfano "yaani mikopo isiyorejeshwa kwa wakati".)

Basi "ustahimilivu" una nafasi gani? Neno hili linatokana na "stahimili", yaani kubeba uzito au maumivu bila kushindwa. Lina ujirani na "uthabiti", lakini ninashauri litumike kwa taasisi au sekta inayopimwa dhidi ya pigo fulani: benki ina mtaji wa kutosha kustahimili hasara, au sekta imefanyiwa vipimo vya ustahimilivu iwapo shilingi itaporomoka ghafla. Uthabiti wa mfumo ni matokeo mapana zaidi, na ustahimilivu wa kila taasisi ni mojawapo ya mambo yanayouleta. Hayabadilishani nafasi kwa usahihi, ingawa katika kichwa cha habari sitagombana na mhariri aliyebanwa na nafasi.

Kwa sentensi yenu, basi, ningeandika: "Benki Kuu imepandisha riba kutoka asilimia 5.5 hadi asilimia 6 ili kudhibiti mfumuko wa bei." Angalieni herufi za kitenzi hicho. Ninakutana mara kwa mara na "kuthibiti mfumuko wa bei", nalo ni kosa: "dhibiti" ni kuzuia na kutawala, ilhali "thibiti" ni kuwa na uhakika au kuwa imara, na ndiko ilikotoka "thibitisha". Ikiwa habari inahusu usalama wa benki, andikeni: "Benki Kuu imechukua hatua ya kulinda uthabiti wa mfumo wa fedha", kisha mtaje hatua yenyewe, iwe ni mkopo wa dharura, masharti ya mtaji au kiwango cha amana ambacho benki hulazimika kukiweka Benki Kuu.

Kuhusu "mfumo wa fedha" na "mfumo wa kifedha", yote mawili ni Kiswahili sahihi. Ninapendelea la kwanza kwa sababu ndilo linalolingana na majina ambayo msomaji amekwisha kuyazoea: Wizara ya Fedha, mwaka wa fedha, Kamati ya Sera ya Fedha. Kiambishi "ki-" kina kazi nzuri zaidi pale tunapoeleza namna au upande wa jambo, kama katika "msaada wa kifedha" unaotofautishwa na msaada wa kiufundi, au "benki imeyumba kifedha".