Badilisha Jina Tu

Swali la juma lililopita lilituuliza wasomaji: ni jambo gani dogo linalokukera kila siku, ambalo watu walio karibu nawe hawalioni kuwa ni kero? Langu ni kosa la sarufi lililochapwa. Siulalamikii ulimi unaoteleza katika mazungumzo. Nalalamikia kosa lililoandikwa, likasomwa, likapigwa muhuri, kisha likaachwa lilivyo kwa hoja moja tu: "Si tumeelewana?"

Ninaendesha stesheneri ndogo hapa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu ni kuchapa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, mikataba ya kuuziana mashamba na kanuni za vikoba. Kwa hiyo maandishi ya mtaa hupitia mikononi mwangu kabla hayajafika yaendako, na mara nyingi huwa mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye nafasi ya kuyarekebisha.

Barua ya kuomba kazi huanza, karibu kila mara, na maneno haya: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Hiyo ni amri. Mwombaji anayenyenyekea kwa mkurugenzi wa watu anamwamuru ahusike, tena bila kumwambia ahusike vipi. Makarani wa zamani waliandika "Kichwa cha habari hapo juu chahusika", sentensi fupi yenye kiima chake, kitenzi chake na adabu yake. Mstari unaofuata husema: "Mimi ni kijana wa Kitanzania ambaye niliyehitimu kidato cha nne." Neno "ambaye" limekwisha kufanya kazi ya urejeshi, yaani kumrejelea kijana aliyetajwa, na "-ye-" iliyomo katika "niliyehitimu" inaifanya kazi hiyohiyo kwa mara ya pili. Ama aseme "niliyehitimu", ama "ambaye nilihitimu". Nikimwonyesha kijana, hunijibu kwa upole: "Kaka, wewe badilisha jina tu."

Katika jibu hilo ndimo nilimogundua chanzo cha kosa. Kijana hakuitunga barua ile. Ameletewa na rafiki yake, naye rafiki aliipata kwa mwingine aliyeajiriwa, na kwa kuwa yule aliajiriwa, barua imeaminika. Nimeipokea kutoka Chumbageni, kutoka Makorora na hata Muheza, ikiwa na "ambaye niliyehitimu" ileile. Shuleni walifundishwa kuandika barua, lakini karatasi iliyomfaa mwenzao ina nguvu kuliko somo.

Kadi za harusi nazo zina yao. "Familia ya Bwana na Bibi fulani inayofuraha kukualika." Ikiandikwa "inayo furaha", kwa maneno mawili, sentensi ni timamu, maana familia inayo hiyo furaha. Maneno yakiunganishwa, "inayofuraha" inajifananisha na "inayokwenda" au "inayokuja", na msomaji makini anabaki akingoja kujua familia hiyo imefanya nini, hadi kadi inaisha. Nafasi moja tupu ingetosha kuinusuru. Nimewahi kuiweka nafasi hiyo nikaambiwa niitoe, kwa sababu kadi zote za ukumbini zimeandikwa vile.

Sasa nirudi kwenye hoja ya kuelewana, kwa kuwa ndiyo inayoniumiza kuliko makosa yenyewe. Kikoba kimoja kililetwa kwangu kichapiwe kanuni, na mojawapo ilisema: "Mwanachama asiyelipa hisa na kuhudhuria vikao atafutwa." Nilimuuliza katibu: anayefutwa ni yupi? Ni yule asiyelipa ijapokuwa anahudhuria, au yule aliyekosa yote mawili, au yeyote aliyekosa mojawapo? Akasema wanachama wote wanaelewa. Ni kweli walielewa, kwa sababu walikuwamo kikaoni siku kanuni ilipopitishwa. Baadaye akajiunga mtu aliyelipa hisa zake bila kukosa lakini kwenye vikao haonekani, akauliza kama kanuni inamhusu, na karatasi haikuweza kumjibu. "Asiyelipa hisa au asiyehudhuria vikao" yangemaliza mjadala. Tunaelewana tukiwa tumekaa pamoja. Maandishi yamewekwa kwa ajili ya asiyekuwapo.

Wapo wanaodhani kwamba mtu wa namna yangu ni adui wa usemi wa wazee wetu wa pwani. Sivyo hata kidogo. Bibi mmoja, mwenyeji wa upande wa Pangani, alikuja na mjukuu wake kuchapisha mkataba wa shamba, akaniambia: "Andika, mwanangu: shambani mna minazi, na penye mwembe pana kisima." Mjukuu akaingilia: "Weka kuna, anko, ndiyo sanifu." Nilimwomba radhi bibi, nikamgeukia kijana nikamweleza kwamba Kiswahili sanifu kinazo zote tatu. "Mna" ni ndani ya mipaka, "pana" ni mahali penyewe unapoweza kupaonyesha kwa kidole, na "kuna" ni huko kwa jumla. Mkataba wa ardhi unahitaji tofauti hiyo kuliko maandishi yoyote mengine, na bibi aliipanga bila kufikiri. Nikayachapa maneno yake kama yalivyo.

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati ya lugha iliyoanza mwaka 1930 ikasimamia tahajia na kamusi. Hakuna popote walipotangaza kwamba lahaja zetu za pwani, Kimtang'ata au Kimrima, ni makosa. Msemo wa mji wetu, "Waja leo, waondoka leo", umeushika wakati uleule wa "-a-" uliomo katika "chahusika" ya makarani, na inanisikitisha kuona kijana wa Tanga akiudhani kuwa ni hitilafu ya uchapaji.

Mengine nayapita haraka: "kwasababu" na "kwahiyo" zilizogandamana, "vitu nyingi", na "anakujaga" inapoingia kwenye muhtasari wa kikao. Anayechanganya "l" na "r" kwa sababu lugha ya mama yake haizitenganishi simsahihishi kamwe anapozungumza, kwa kuwa ni kumvunjia heshima bure. Tangazo la "mkutano wa kupiga kula", hata hivyo, silitoi kwenye mashine hadi mwenyewe amekubali tulirekebishe.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa wenzangu wenye stesheneri kabla ya walimu na watangazaji. Kila mmoja wetu ana faili la barua ya mfano kwenye kompyuta yake, ambalo huenda hakuliandika yeye. Alifungue, alisome neno kwa neno, aiondoe "husika" na urejeshi uliorudiwa, kisha alihifadhi upya, kwa maana hilo ndilo litakalochapwa kesho mteja atakaposema abadilishiwe jina tu.