Injini Inayogonga Asubuhi Isikilizwe Ikiwa Baridi

Msomaji mmoja wa Likasi ameniandikia kwamba gari lake hutoa mlio wa tik-tik-tik kila asubuhi linapowashwa, na kwamba fundi amekwisha kumshauri atafute injini nyingine. Ujumbe huo umenichoma, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Lubumbashi, katika garaji ambayo hadi leo sitaki hata kupita mbele yake.

Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati baridi ya alfajiri huku kwetu inapokuwa kali. Gari langu lilikuwa likigonga kwa sekunde chache, kisha likatulia. Nilipolifikisha garajini lilikuwa limekwisha kupata moto njiani, na mlio haukusikika tena, lakini fundi alidai kwamba injini imechoka na kwamba ni lazima ifunguliwe. Nililipia ukaguzi ambao haukukagua kitu, na jambo hilo bado linaniuma.

Fundi mwingine, mzee wa huko Katuba, aliniomba gari lilale kwake. Alfajiri aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha valvu, akauweka mpini sikioni, akaniambia niwashe. Mlio ulitoka juu, ukakoma mara tu oili ilipopanda. Kiwango cha oili kilikuwa sawa. Akafungua filta, akaikata kwa msumeno, akanionyesha kiraba cha ndani ambacho kazi yake ni kuizuia oili isirudi chini injini inapozimwa: kilikuwa kimekakamaa na kujikunja ukingoni. Kwa hiyo oili ilikuwa ikishuka usiku kucha, na asubuhi tapeti (vipande vidogo vinavyosukuma valvu), ambazo katika injini yangu hutegemea msukumo wa oili ili kuziba nafasi iliyo juu ya valvu, ziligonga mpaka pampu ilipozifikia. Akaweka filta bora na oili ya 5W-30 inayotajwa katika kitabu cha gari, badala ya ile nzito ya 20W-50 niliyokuwa nimewekewa, ambayo hupanda polepole wakati wa baridi. Mlio ulikwisha, na injini ile iliyohukumiwa kufa ndiyo inayonipeleka kazini hadi leo. Najivunia kwamba sikukubali ifunguliwe.

Ndugu zangu, msimruhusu mtu yeyote aguse hata bolti moja kabla hajausikia mlio huo injini ikiwa baridi. Pimeni oili kwanza. Mlio unaotoka ubavuni, unaozidi mnapokanyaga mafuta na kupungua injini ikipata moto, mara nyingi ni wa gasketi ya ekzosi (bomba la moshi) inayovuja, na masizi meusi kwenye maungio yatawaonyesha mahali penyewe. Zipo pia injini ambazo tapeti zake hazijazwi oili. Hizo zikigonga bila kukoma, filta mpya haitasaidia, kwa kuwa nafasi ya valvu hupimwa na kurekebishwa kwa mkono. Mlio mwepesi wa haraka wa injekta, zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini, ni wa kawaida, nao usiwanyime usingizi.

Lakini mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, au taa ya oili inayokataa kuzimika, ni jambo jingine kabisa. Hapo zimeni injini papo hapo, na gari livutwe kwa kamba hadi kwa fundi, hata kama garaji iko mtaa wa pili.