Nani yuko fezi moja na nani?

SWALI: Mbukwenyi kaka, mimi nauza barafu na maji baridi hapa Nkuhungu, umeme ukipungua friji langu linahangaika kweli. Nyumba nane tuna grupu la WhatsApp, wiki ya tatu sasa taa ikififia mtu anaandika saa. Nimehesabu, mimi na mama wa chapati tunafifia pamoja karibu kila siku, nikasema basi tuko fezi moja, yaani tunakula umeme wa waya mmoja kati ya zile 3 za moto zinazotoka transfoma. Jirani mmoja anabisha, eti anayetumaliza ni fundi wa kuchomelea mageti. Bila kupanda nguzo tunaweza kujua kweli nani kaungwa na nani? – Mama Barafu, Nkuhungu

JIBU: Hongera kwa daftari, wengi tunaishia kulalamika tu. Ila hesabu yako ina mtego. Saa ulizonitumia nyingi ni kati ya saa 1 na saa 3 usiku, si ndo muda mtaa mzima umewasha tivii, pasi na majiko? Hapo fezi zote 3 zinalemewa, hata msiohusiana mnafifia pamoja. Na mchana kuna mashine ya kusaga, mota yake inakula fezi zote 3, ikiwaka tu wote mnashtuka. Wewe na mama wa chapati mnaweza kuwa mmekumbwa na kitu kimoja tu, waya mmoja hamna.

Mtego huu si wa umeme tu. Clive Granger, mchumi wa Uingereza, mwaka 1969 alipendekeza tuangalie kama yaliyopita ya kitu A yanasaidia kukisia kitu B, mwaka 2003 akapata Nobeli ya uchumi. Hata njia hiyo inadanganyika kukiwa na kitu cha tatu kilichojificha kinachowasukuma wote wawili. Ndo maana wanasayansi wa jeni (vinasaba) wanazima jeni moja makusudi waone zipi zinaitikia.

Sasa nyie mna fundi, msimchukie, mtumieni! Kama mashine yake ni ya fezi moja, chagueni asubuhi iliyotulia, mashine ya kusaga imezimwa, achomelee sekunde 10, apumzike dakika nzima, arudie kama mara 15. Kila nyumba mtu akodolee balbu ya zamani ile ya waya ndani (hizi za LED nyingi zinaficha) au multimita (kipimo cha volti) kwenye soketi, kawaida isome kama volti 230. Inayofuata mdundo wa fundi iko fezi yake. Nyingine mtaona inapanda kidogo badala ya kushuka, hiyo iko fezi tofauti ila mnachangia nyutro (waya wa kurudishia umeme), mara ya kwanza kuona hilo nilidhani multimita imekufa.

Andikeni pia imeshuka kiasi gani. Kutoka transfoma kuelekea kwa fundi kila nyumba ya fezi yake inashuka zaidi ya iliyotangulia, kwa hiyo mpangilio wa waya unajichora wenyewe. Waliopo mbali na transfoma kumzidi fundi wote wanashuka sawasawa, hapo fundi hawezi kuwaambia nani anaanza, mpaka mtu wa mwisho naye awashe na kuzima pasi mbili kwa mpigo. Zile ambazo hazikushuka ndo zigawane fezi 2 zilizobaki, mchezo ule ule wa pasi.

Nguzo msiguse. Ukimaliza nitumie mchoro, nataka kujua huyo jirani mbishi kaangukia fezi ipi.