Usimpite mbweha: kwa mnaoanza kuongoza wageni Tsavo

Nyinyi vijana mnaoanza kuwatoa wageni hoteli za Mombasa kwenda Tsavo Mashariki, simba na ndovu mtafundishwa hata bila kuuliza. Mbweha hakuna wa kukufundisha. Madereva humpita wakimwachia vumbi, kwa sababu redio imeshasema simba yuko bwawa la Aruba.

Simama, zima injini. Ukiwa na Waingereza au Wajerumani, swali haliepukiki: huyu ndiye yule wa kwetu? Mbweha mwekundu wanamjua, London hupita uani usiku kupekua taka. Siye huyu. Wape darubini waangalie mkia. Wa kwao aghalabu ncha yake ni nyeupe, na miguu ni myeusi kwa chini. Wetu, mbweha wa mgongo mweusi (black-backed jackal), ncha ni nyeusi, miguu rangi ya kutu, na mgongoni ana weusi uliochanganyika na mvi, kama tandiko la punda.

Basi jifunze na tabia za yule wa kwao, maana mgeni hufurahi ukimjua mnyama wake. Huwinda peke yake. Husimama kimya akisikiliza panya chini ya nyasi au theluji, kisha huruka juu na kumshukia kwa miguu ya mbele. Kinachobaki hukifukia. Mwaka 2011 watafiti wa Ucheki walieleza kwamba akiruka kuelekea kaskazini-mashariki hupata zaidi. Hiyo simulia, gari zima litanyamaza.

Wetu mara nyingi huenda jike na dume. Wakimvizia mtoto wa swala, mmoja hujiachia afukuzwe na mama mtu, mwenziwe akamchukua mtoto. Penye shimo lao mnaweza kuwakuta wakubwa watatu. Mgeni mmoja akacheka, eti dume kaoa wake wawili! Kumbe wa tatu huwa ni mtoto wa uzao uliopita, amebaki kuwalea wadogo zake. Hurudi na tumbo limejaa, akawatapikia chakula. Hapo kaeni sana. Ni bora kuliko simba aliyelala.

Bweha masikio ni mwingine kabisa: mdogo, masikio makubwa, kichwa chini akisikiliza mchwa. Kwao baba ndiye mlinzi wa watoto.

Saa za kuwaona ni asubuhi na jioni. Geti la Bachuma hufunguliwa saa kumi na mbili, kwa hivyo wageni wa Diani watoke usiku. Msongamano wa kivuko cha Likoni mnaujua, pitieni barabara ya Dongo Kundu. Usiache barabara kumfuata mnyama, wala mgeni asirushe mkate.

Na mbweha anayeyumba, anayetokwa mate, au anayeijia gari bila woga mchana kweupe, si wa kupigwa picha. Huenda ana kichaa cha mbwa. Funga vioo, ondoa gari, uwaambie askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) getini ulimwona wapi.