Bustani ya matunda skuli: jibu langu kwa mwalimu wa Micheweni

Waalaykum salaam, mwalimu mwenzangu. Umeuliza uanze vipi bustani ya matunda na watoto wa darasa la tatu hadi la tano, kama haitakula vipindi, na ufanye nini na wazazi wanaolalamika kwamba watoto wao wanageuzwa vibarua. Mimi nasomesha msingi hapa hapa Pemba, upande wa Chake Chake, na bustani ya skuli yetu niko nayo miaka kadhaa sasa.

Nianze na la wazazi, maana hilo likiharibika hata miche ikistawi hufiki mbali. Wana haki ya kuuliza. Ipo skuli niliwahi kusomesha, mtoto akichelewa asubuhi hupewa jembe, na matunda yakiiva huishia ofisini kwa walimu. Watoto wa pale walilichukia lile konde, na sikuwalaumu. Kwa hiyo kaa na kamati ya skuli kabla ya kuchimba shimo hata moja, mkubaliane kwamba bustanini haendi mtu kwa adhabu, na kwamba tunda analila aliyelipanda. Kwetu papai likiiva hukatwa darasani na kila mtoto hupata kipande. Mzazi anayesikia mwanawe akisimulia papai alilolipanda na kulila, malalamiko yake hupungua yenyewe.

Sasa upande nini? Wengi watakwambia miembe na mishokishoki. Panda, lakini usianzie hapo. Mwembe wa kokwa huchukua miaka mitano na zaidi kuzaa, na mtoto wa darasa la tano atakuwa ameshaondoka. Anza na mpapai. Ukiutunza, unazaa ndani ya mwaka, na masomo yaliyomo ndani yake huyamalizi.

Anzia kwenye mbegu. Mbegu ya papai ina kiganda cha utelezi kinachoichelewesha kuota. Gawa darasa: kundi moja liziache mbegu na utelezi wake, jengine lizisugue kwa jivu, lizioshe na kuzianika kivulini. Wapande kwenye chupa za maji zilizokatwa na kutobolewa chini, kila chupa na jina la mtoto. Kila asubuhi wahesabu zilizoota na kuandika. Watoto wangu waliokuwa wakisinzia kwenye kipindi cha hesabu za sehemu ndio waliokuja kugombana juu ya ngapi kwa ngapi zimeota.

Shimo nalo ni hisabati tupu. Sentimita 60 kila upande, kwenda chini vilevile 60. Waulize linaingia madumu mangapi ya lita 20. Watakisia matatu, manne. Wakikokotoa wanapata lita 216, karibu madumu kumi na moja, na hawaamini mpaka wapige tena hesabu. Kuchimba waachie wakubwa au wazee watakaojitolea. Wadogo wachanganye samadi na udongo wa juu na kupima masafa kwa kamba, mita mbili na nusu shina hadi shina. Ukiwa upande wa mawe, tafuta palipo na udongo wa kutosha baina ya mawe, usilazimishe safu. Bondeni panapotuama maji usipande kabisa, mpapai utaoza mizizi.

Kila shimo weka miche mitatu, kwa sababu huwezi kujua dume na jike mpaka yatoke maua. Siku hiyo usiikose. Wapeleke wakaangalie wenyewe: dume hutundika maua madogo kwenye vikonyo virefu, jike ua lake ni nono na limekaa kwenye shina. Mengine yana yote mawili ndani ya ua moja. Baadaye mnang'oa madume na kuacha mmoja kwa majike kumi hivi. Kuna mtoto alilia mche wake ulipotokea dume, tukauacha huo uwe ndio wa darasa.

Kama mna mpera karibu, fanya na hili. Okota pera lililoanguka lenye funza, liweke kwenye gudulia lenye mchanga mkavu, funika kwa kitambaa chepesi. Funza watatoka, watajifukia mchangani, na baada ya wiki mbili hivi mtakuta nzi wa matunda wanaruka ndani. Hapo hata mtoto wa darasa la tatu anaelewa kwa nini matunda yaliyoanguka yaokotwe kila siku na kufukiwa chini sana, na anakwenda kumwambia bibi yake nyumbani.

Na popo. Watoto wetu wamezoea kuwarushia mawe. Waonyeshe makapi yaliyotemwa chini ya mti, waambie huyu popo mkubwa hapatikani penginepo duniani ila Pemba, na kwamba huchukua mbegu za msituni na kuziangusha mbali. Mkipata usafiri, wapeleke Kidike, kwenye hifadhi ya popo hao, watawaona mchana wananing'inia mamia kwa mamia.

Kuhusu vipindi, mimi siongezi hata kimoja. Natumia vya Sayansi na Hisabati vilivyopo, na kumwagilia ni zamu ya dakika chache kabla ya masomo. Likizo ndiyo ngumu: wape zamu watoto wa nyumba za jirani pamoja na mtu mzima, na uzio wa makuti uwe tayari kabla ya miche, maana mbuzi hawana likizo.

Sia mbegu mwishoni mwa Januari ili miche iwe tayari masika yakianza. Ukichelewa, ngojea vuli. Usipande kiangazi na kumtegemea mtoto abebe maji kutoka kisimani kila siku, kwani hapo wazazi watakuwa wamesema kweli.