toc_float ni ya HTML peke yake
Umeuliza kwa nini faili yako ya R Markdown (mfumo wa kuandika ripoti zenye msimbo wa R) inagoma ukiandika toc_float: true chini ya pdf_document, yaani sehemu ya mipangilio ya PDF juu ya faili. Chaguo hilo, linalofanya orodha ya yaliyomo ielee pembeni, halitafanya kazi kwenye PDF wala Word. Orodha hiyo inayoelea inaendeshwa na JavaScript ya kivinjari, ambayo haihamii kwenye faili za aina hizo mbili. Faili yako imegoma kabisa kwa sababu R Markdown huchukua kila chaguo uliloandika chini ya pdf_document na kulipitisha kwenye fanksheni yenye jina hilohilo. Fanksheni haina hoja (kigezo) ya toc_float, basi inatupa kosa la "unused argument" na kusimama hapo (mimi ilinila nusu saa nikidhani LaTeX, programu inayotengeneza PDF, ndiyo mbovu). Ihamishie chini ya html_document, ukisogeza nafasi mbili zaidi ndani. toc: true ya kawaida (orodha isiyoelea) inakubalika kote.

Na usishtuke grafu zikibadilika umbo: usipotaja vipimo, HTML hutumia inchi 7 kwa 5, PDF 6.5 kwa 4.5, Word 5 kwa 4. Ukitaka zilingane, andika fig.width na fig.height mwenyewe. Hii ni R Markdown lakini. Quarto, mfumo mwingine wa kuandika ripoti, ina taratibu zake.