Linux ikigoma kuwaka, usikubali ipigwe upya

Hapa Moshi, ukimpelekea fundi kompyuta ya Linux isiyowaka, jibu la haraka huwa "tupige Windows". Kataa kwanza. Mara nyingi kilichoharibika ni GRUB tu, kiprogramu kinachouamsha mfumo. Picha zako na hesabu za duka bado zimo kwenye diski.

Mwalimu mmoja wa Majengo aliniletea laptopu yenye matokeo ya darasa zima. Kioo cheusi, maandishi `grub rescue>`, basi. Mtu alikuwa amefuta sehemu moja ya diski ili kuongeza nafasi. Tayari alishaambiwa ifomatiwe, naye alikuwa amekata tamaa kabisa.

Unachohitaji ni sidii au flashi ya Linux inayowaka bila kusakinishwa. Ya Ubuntu inatosha; mimi napenda SystemRescue kwa sababu imetengenezwa kwa kazi hii hii. Iandae leo, mashine ikiwa nzima. Ukishawasha kwayo, usirekebishe chochote kabla ya kunakili mafaili kwenye diski ya nje. Hapo sina mjadala na mtu.

Andika `lsblk -f` uone sehemu za diski. Yenye mfumo mara nyingi huandikwa aina ya ext4. Tuseme ni sda2. Kama umeme ulikatika ghafla, anza na `fsck /dev/sda2`, amri ya kukagua na kurekebisha sehemu hiyo, lakini ikiwa haijapachikwa, yaani haijafunguliwa kwa matumizi, maana fsck kwenye sehemu inayotumika inaweza kuongeza uharibifu. Kisha:

`mount /dev/sda2 /mnt`
`mount --rbind /dev /mnt/dev`
`mount --rbind /proc /mnt/proc`
`mount --rbind /sys /mnt/sys`
`chroot /mnt`

Sasa umo ndani ya mfumo wako wenyewe, ingawa umeingilia mlango wa sidii. Kwa Ubuntu na Debian malizia na `grub-install /dev/sda`, halafu `update-grub`.

Wengi hukwama kwenye UEFI, njia ya kuwaka inayotumiwa na kompyuta za kisasa. Kama mfumo wako uliwekwa kwa UEFI, sidii nayo lazima iwashwe kwa UEFI: ukiona folda `/sys/firmware/efi` ipo, uko sawa. Pachika pia ile sehemu ndogo ya EFI kwenye `/mnt/boot/efi` kabla ya chroot.

GRUB ikirudi lakini mfumo ukasimama katikati, fungua `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski zinazopachikwa mfumo unapowaka. Diski uliyoichomoa zamani ikiwa bado imeandikwa humo, futa mstari wake au uongeze `nofail`, ili mfumo uendelee hata diski hiyo isipokuwepo.